Injini Bila Tangi

Mwezi uliopita tulimuaga Bwana Kirpal, aliyenifundisha kazi ya injini na kunifukuza kwenye kazi hiyo mwaka uo huo. Maombi yalipoisha hekaluni Thika, binti yake Simran alitualika nyumbani kwake Membley, hapo Ruiru, sisi wachache tuliobaki kati ya watu wa gereji ya baba yake. Nyumba safi, viatu tumeviacha mlangoni, tumekaa na soksi zetu kwenye makochi meupe kama watoto walioitwa na mwalimu mkuu. Ikaletwa chai ya tangawizi na iliki, na samosa, na zile peremende za maziwa ambazo meno yangu hayaziwezi tena. Ndipo Mwaniki, aliyekuwa fundi mkuu enzi hizo na sasa anatembelea mkongojo, akaninyooshea kidole mbele ya wajukuu wa marehemu. "Mnaona huyu shosho, huyu bibi kizee?" akasema. "Huyu ndiye aliua injini ya boti kwa dawa." Chumba kizima kikacheka. Walicheka kwa upendo, najua, mimi si mjinga. Lakini kicheko hicho nimekisikia kwenye harusi, nimekisikia kwenye mazishi, hata siku moja nikiwa nimepanga foleni ya benki, na nimekichoka. Nilivyomjibu Mwaniki nitasema mwishoni. Kwanza niandike mambo yalivyokuwa, na atakayeudhika audhike tu.

Nilikozaliwa na tulivyokuwa wangapi nyumbani si hoja hapa. Naitwa Nyambura, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa nimeajiriwa kaunta ya gereji hiyo, mtaani Kamenu, kuuza plagi na kamba za kuwashia injini. Mtu akisikia gereji ya injini za boti mjini Thika, mji wa mashamba ya mananasi, huuliza boti gani, kwani mlikuwa mnavua mananasi? Ni maneno ya watu ambao hawajawahi kushuka na barabara ya Garissa wakaipita Ngoliba, nchi ikakauka na miti ikawa ya miba, mpaka kwenye lile bwawa kubwa ambako watu huvua samaki na kuvushana ng'ambo. Injini zao zikianza kukohoa zilikuja kwetu. Zilikuja juu ya basi zikiwa zimefungwa kwa gunia, au nyuma ya pickup, zikinuka kambale. Uani kulikuwa na mapipa manne yaliyojaa maji. Injini ilining'inizwa kwenye ukingo wa pipa, ikaunganishwa na mtungi wetu wa petroli, ikavutwa kamba, na maji yakachemka kama ya kupikia mahindi na maharage ya githeri huku moshi ukiingia kwenye nguo za majirani zilizoanikwa. Ikinguruma robo saa bila kukatika, Mwaniki aliipiga makofi mawili kwenye kifuniko, nasi tukasema imepona. Hiyo ndiyo bahari tuliyoijua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepanda boti, na hakuna aliyeona ajabu.

Kutoka kaunta nilifika kwenye meza ya mafundi kwa ajili ya kiganja changu. Petroli ya watu wa bwawani ilikuwa ya kununua kwenye mitungi kando ya barabara, na nusu yake ilikuwa imechanganywa na mafuta taa. Mafundi waliijaribu kwa kumwaga tone kiganjani na kungoja. Petroli safi hupotea ikaacha ngozi baridi, kavu, nyeupe kidogo. Iliyochanganywa huacha utelezi. Siku moja Mwaniki alisema ni safi, mimi nikiwa nimepita tu na ufagio nikadondosha tone langu nikasema si safi, na Bwana Kirpal, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake, akaja akajaribu kiganjani mwake mwenyewe. Kikabaki na utelezi. Kesho yake nilikuta spana tatu na ovaroli ya mtu mrefu kunizidi zimewekwa kwenye pembe ya meza. Bwana Kirpal alizaliwa Thika, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na Kikuyu cha kutukania alikuwa nacho cha kutosha, lakini sifa alizitoa hivyo, bila maneno. Niliikunja ile ovaroli miguuni mara tatu nikaanza kazi. Nilifurahi mpaka nikaogopa furaha yenyewe.

Nyuma ya gereji kulikuwa na nyumba yao, na kati ya ofisi na stoo ya vipuri palikuwa na ukuta wa mbao tu. Ndani ya stoo hiyo ndimo nilimokula, kwa sababu mafundi wengine walikula nje kwenye benchi na benchi halikuwa na nafasi yangu, au ndivyo walivyoniambia. Mama Simran, mkewe Bwana Kirpal, alinipitishia chapati mbili na dengu kwenye dirisha la jikoni, na kipande cha achari ya maembe kilichonitoa machozi. Nilikaa juu ya boksi la propela, nikila polepole, nikisikiliza ukuta. Ni mle nilimosikia mengi kunihusu. Mwaniki alimwambia bosi kwamba msichana mezani ni kuwavuruga wateja, kwamba nikiolewa nitaondoka na ujuzi wao, kwamba mikono yangu haina nguvu. Bwana Kirpal alijibu kwamba kabureta haitaki nguvu. Niliacha kutafuna nisikie zaidi, lakini simu ikalia.

Dawa zilikuja katikati ya mwaka. Bwana Kirpal alitoka Nairobi na katoni ya chupa ndogo za kahawia, za kutia kwenye petroli, akaiweka mezani, akasema tujaribu. Zilikuwa za aina tatu, nasi tukaziita zote dawa. Ya kwanza ilizuia petroli kuchacha, maana petroli ikikaa kwenye mtungi juani kwa wiki kadhaa huharibika na kuacha gundi ndani ya kabureta. Ya pili iliondoa maji, kwa kuwa mtungi unaolala kando ya bwawa haukosi maji chini yake. Ya tatu ndiyo niliyoipenda: iliosha. Iliondoa gundi na masizi ndani ya injini huku ikitembea. Mwaniki alisema mzee ameuziwa maji ya rangi. Mafundi wengine walifikiri kwamba dawa ni dawa, ukizidisha unapona haraka, na mmoja alimimina chupa nzima kwenye mtungi mmoja mpaka nikampokonya. Mimi nilisoma karatasi za kwenye chupa, neno kwa neno, na kamusi magotini, nikaandika vipimo nyuma ya kalenda: kifuniko kimoja cha chupa kwa mtungi mmoja, basi. Nilizijaribu kwenye pipa. Plagi zilizotoka nyeusi na zenye mafuta zilianza kutoka rangi ya biskuti, na injini zilizokuwa zikitetemeka zikizunguka polepole zikatulia. Sikuwa naota. Niliyaona kwa macho yangu, na macho hayo bado ninayo.

Wa kwanza niliyempa dawa ya kuosha aende nayo nyumbani alikuwa Bwana Mutua, mwenye boti mbili za kuvusha watu na samaki pale bwawani. Mtu mnene, mpenda watu, sauti yake ilifika kabla yake. Injini yake ilikuwa imekuja kwetu mara tatu mwaka huo kwa ugonjwa ule ule, na mara tatu ilinguruma vizuri kwenye pipa letu, ikapigwa makofi, ikarudi, ikakohoa tena. Nilimpa chupa, nikamwonyesha kifuniko, nikamwandikia kwenye karatasi. Baada ya wiki mbili nikasikia sauti yake langoni na haikuwa ya kupenda watu. Injini ilikuwa imezima katikati ya maji, boti ikiwa na watu tisa, mmoja wao mama mwenye mtoto mchanga. Walipiga makasia kwa mabeseni na mfuniko wa sufuria mpaka wakafika ukingoni, jua la saa saba likiwapiga kichwani. Hakuna aliyeumia. Lakini Bwana Mutua aliiweka ile karatasi yangu mezani, mwandiko wangu, na akauliza ni nani hapa anayeandikia watu dawa.

Wote wakanitazama. Mwaniki alisema alikuwa amesema. Bwana Kirpal aliamuru injini itundikwe kwenye pipa, na kweli haikuwaka, ilivutwa kamba mpaka fundi mmoja akashika bega. Nikaomba niifungue mimi, mbele yao wote, na nikaifungua. Kabureta ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya. Sikuwahi kuona kabureta ya Bwana Mutua ikiwa safi namna hiyo. Kisha nikafungua filta, kale kakikombe kadogo kanakochuja petroli kabla haijaingia, na humo ndani kulikuwa na tope jeusi na magamba ya gundi mpaka juu. Injini ilikuwa imekabwa koo tu. Niliiosha filta, tukaunganisha mtungi wetu, kamba ikavutwa mara moja na injini ikanguruma. Hapo ningeweza kushukuru Mungu na kunyamaza. Lakini lile tope lilikuwa mkononi mwangu na lilikuwa limetoka mahali, na mahali penyewe hapakuwa ndani ya injini.

"Bwana Mutua," nikamuuliza, "tangi lako la petroli liko wapi?"

"Tangi?" akasema. "Tangi si liko kwa boti."

Hapo nikaelewa. Wateja wetu wote walileta injini pekee, kwa sababu injini ndiyo iliyokohoa, na nani atabeba tangi juu ya basi? Nasi tukaziunganisha na mtungi wetu safi, wa petroli safi, zikanguruma, tukazipiga makofi. Miaka yote hiyo. Hakuna tangi hata moja la boti lililowahi kuingia lango letu. Injini zilipona Kamenu na kuugua tena bwawani, na kila mara tuliambiana kwamba wale watu wa kule hawajui kutunza vitu. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake tu: ilikwangua uchafu wa miaka ndani ya tangi la Mutua na kuuleta mpaka kwenye filta. Kosa langu lilikuwa moja, na ninalisema tena hapa ili mtu asidhani ninalikwepa. Nilipaswa kuuliza juu ya tangi, lioshwe kwanza, ndipo nitoe dawa. Sikuuliza. Watu tisa na mtoto walikaa juani juu ya maji kwa sababu sikuuliza.

Niliyasema hayo yote pale pale, na ndipo mambo yakaharibika. Sikuwa nimefikiria kwamba nikisema tangi, nasema pia kwamba gereji ilikuwa imetibu injini zisizo na ugonjwa kwa miaka, na Mwaniki ndiye aliyekuwa fundi mkuu kwa miaka hiyo, na jina lililo langoni lilikuwa la Bwana Kirpal. Wao wawili walikwenda ofisini, mimi nikaingia stoo kukaa kwenye boksi langu. Kupitia ukuta nilimsikia Mwaniki akisema mteja akiondoka na maneno hayo, kesho bwawa zima litajua. Nilimsikia bosi akivuta pumzi. Kisha akaniita, akafunga mlango, akaniambia kwa upole, na upole huo ndio uliouma, kwamba nitoke nimwambie Bwana Mutua dawa ilikuwa mbaya, kwamba gereji imeacha kuitumia, na nimwombe msamaha. Halafu nirudi kaunta mambo yatulie.

"Nitaomba msamaha kwa langu," nikamwambia. "Sikuuliza tangi, hilo ni langu. La dawa silibebi."

Alinikumbusha kwamba meza ni yake. Nilimwambia najua meza ni yake, lakini mdomo ni wangu. Sikuwahi kuzungumza hivyo na mtu mzima, na mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi, ila nayapenda. Nilitoka nikamwambia Bwana Mutua kwamba nimekosa kwa kutouliza, na kwamba kama atanichukua kwenye pickup yake nitaliosha tangi lake mwenyewe, kwa mikono yangu, kesho, Jumamosi. Akasema sawa, lakini baada ya kuliosha utapanda hiyo boti na mimi, tuone kama unaiamini hiyo dawa yako. Bwana Kirpal alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema nikitoka lango hilo Jumamosi, siku ya kazi, nisirudi. Asubuhi yake nilitoka na chupa mfukoni. Mama Simran alinipa chapati zilizofungwa kwenye gazeti kupitia dirisha la jikoni, akanitazama miguuni, akasema viatu hivyo si vya majini, na akafunga dirisha.

Kule bwawani, ndani ya lile tangi nilitia lita mbili za petroli na mnyororo mkuukuu wa baiskeli, nikalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipomwaga, kilichotoka kilikuwa kizito kama uji wa wimbi. Nikarudia mara nne. Wavuvi walikuja wakasimama kunitazama, mmoja akaniuliza kama mume wangu anajua niko wapi, nikamwambia ashike upande ule tutikise, naye akashika. Petroli mpya niliichuja kwa soksi zangu ndefu za kanisani, zile za nailoni, nikiwaza mama atanimaliza. Nikaijaribu kiganjani. Nikatia kifuniko kimoja cha dawa, mbele yao, nikiwaonyesha. Kisha nikapanda boti. Sikujua kuogelea na sijui mpaka leo. Mtu aliyetengeneza injini za boti mwaka mzima ndipo alipojua kwamba boti haitulii chini ya miguu, kwamba maji yana sauti, kwamba ukingo ukiwa mbali unakuwa mstari tu. Niliogopa vibaya sana. Nilishika ubao, nikimchunga Mutua asione hofu yangu.

Katikati ya bwawa Bwana Mutua akazima injini.

"Ilizimia hapa," akasema. "Washa wewe."

Nilisimama, boti ikainama, nikakaa tena. Kwenye gereji unavuta kamba ukiwa umesimama kwenye saruji, mguu mmoja kwenye pipa. Pale nilipiga magoti kwenye maji ya samaki, nikavuta, na haikuwaka. Niliwaza ile meza, ile ovaroli iliyokunjwa mara tatu, na Mwaniki akiwasimulia watu. Nikavuta tena kwa hasira zaidi kuliko kwa nguvu, na ikawaka, ikatulia, ikaimba polepole bila kutetemeka. Bwana Mutua aliniachia usukani na kukaa mbele na mgongo wake mpana, nami nikatuendesha mpaka ng'ambo nikilia wazi, kwa sababu kule nyuma hakuna aliyenitazama.

Jumatatu nilirudi kazini kama mtu ambaye hajafukuzwa. Nilivaa ovaroli, nikasimama kwenye pembe yangu ya meza, nikachukua spana. Bwana Kirpal akatoka ofisini na kikombe chake, akatazama viatu vyangu, vilivyokuwa bado na tope la bwawa lililokauka. Nilikuwa tayari kubebwa nje na watu wanne. Aliuliza tu, "Tangi lilikuwaje?" Nikamwambia kama uji wa wimbi. Akanywa chai yake yote akiwa amesimama pale. Mchana alikwenda mwenyewe na kopo la rangi nyekundu langoni, akaandika kwa herufi kubwa zisizonyooka: INJINI HAIPOKELEWI BILA TANGI. Dawa zikabaki mezani, na kalenda yangu ya vipimo ikapigwa msumari ukutani. Nilifanya kazi pale miaka kumi na minne zaidi, kisha nikafungua yangu. Hakuwahi kuniambia nisamehe. Hakuwahi kumwambia Mutua, wala Mwaniki, wala mtu yeyote kwamba nilikuwa sawa. Wale wa nyumbani kwa Simran walisema siku ile ya chai, nilipomaliza kuwasimulia, kwamba maandishi yale mekundu ndiyo yalikuwa msamaha wake. Labda. Nilimpenda mzee yule na nimemlilia, lakini rangi haizungumzi, na kwa sababu yeye alinyamaza, Mwaniki alipata nafasi ya kusema hadithi yake kwa miaka yote hii.

Kwa hiyo turudi sebuleni kwa Simran, watu wakicheka, wajukuu wakinitazama mimi, shosho aliyeua injini. Nilingoja wamalize. Mwaniki alikuwa anajipangusa macho na leso, furaha tupu, na sina chuki naye, ninataka hilo lijulikane pia. Nikamwita kwa jina.

"Mwaniki, hebu niambie. Wewe umewahi kupanda boti?"

Akaishusha leso. Akamtazama Simran, akatazama wale watoto, akatazama mkongojo wake. "Mimi?" akasema. "Boti? Hapana. Hiyo sijawahi."

Mtoto mmoja akauliza, hata mara moja? Mwaniki akatikisa kichwa, na nikaona kwamba hata yeye swali hilo lilikuwa geni kwake, baada ya kuzipiga injini makofi maisha yake yote. Hakuna aliyecheka. Simran alikuja akaniongezea chai, na mkono wake ulikaa begani mwangu kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kwa chai. Nikaweka kikombe chini, nikavuta kiti katikati ya wale watoto, nikawasimulia yote, nikianza na tangi.